Marehemu Anaomba Kusaini

Siku ya tatu wenyeji waliwapeleka wageni wao shato ya nne, jumba jingine la wafalme wa zamani. Wafaransa wa kule kando ya mto Loire wana shato nyingi kama sisi tulivyo na vichuguu, na mgeni akifika hawamwachi apumue mpaka azione zote. Waimbaji kumi na wanne wa kwaya ya parokia moja ya Kasongo walipanda ngazi za mawe kwa mstari, viatu vya kuazima vikiwabana vidole, wakamsikiliza mwongozaji akieleza mfalme gani alilala chumba gani na mwanamke gani asiye mke wake. Akina mama walichekea viganjani. Salomon, kiongozi wa kwaya, alimpiga picha kila mtu mbele ya kila dirisha. Grégoire peke yake alibaki nyuma akitazama saa.

Msimwone hivi huyu Grégoire, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mvi mpaka masikioni, sauti ya besi inayotoka chini kabisa ya tumbo. Hakuja Ulaya kutazama vitanda vya wafalme. Alikuja kwa ajili ya mifupa ya mwanawe, na siku zilikuwa zinamwishia mkononi.

Mwanawe Plamedi alifia huko huko, mwezi wa tisa, miaka mitano iliyopita, akichuma zabibu. Habari ililetwa kwa simu na Yves, kijana mwingine wa Kasongo aliyekuwa akichuma naye: jua lilikuwa kali, Plamedi ameanguka kati ya mistari ya mizabibu, amekwisha. Jua la Ulaya! Watu walikataa kusadiki. Mtoto aliyekulia Kabambare, aliyelima mpunga Wamaza kichwa wazi mchana kutwa, leo auawe na jua la Wazungu? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mji mdogo wa pale ukamzika upande wa watu wasio na ndugu, na kule Kasongo matanga yakakaa bila kuondolewa. Ukoo ulisema kaburi ambalo hakuna mtu wa damu aliyelisimamia si kaburi, ni uvumi tu. Basi Émérance, mama yake, akaendelea kulala sakafuni kama mwanamke mwenye maiti ndani ya nyumba, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka huu wa tano. Mgongo ukampinda. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi kitandani.

Halafu mwezi wa saba Yves akapiga tena. Alikuwa amehamia mbali, lakini rafiki yake aliyebaki pale alikuwa ameona tangazo kwenye geti la makaburi. Upande ule, kaburi likitimiza miaka mitano bila ndugu kusaini, linafukuliwa na mifupa inachomwa. Zamu ya mstari wa Plamedi ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tisa. Ndugu akisaini kabla, marehemu anapewa mahali pa kudumu.

Émérance alikuwa anatwanga mihogo. Aliposikia neno kuchomwa, aliuacha mchi ndani ya kinu akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Mutoto wangu hatachomwa sawa takataka," alisema. "Enda, Grégoire. Enda usaini."

Kwaya ilikuwa imekwisha kualikwa na parokia rafiki ya huko huko, bahati ya ajabu, ila jina la Grégoire halikuwamo kwa sababu ya umri. Alimwendea Salomon akalia mbele yake, mwanaume mzima mwenye wajukuu. Salomon akamwingiza kwenye besi kwa sharti moja, kwamba asiwaletee mambo kule, maana parokia ile ndiyo inayowajengea nyumba ya uzazi. Grégoire aliapa. Mtu mwenye shida huapa lolote.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe, maana haukuanzia kwa Wafaransa, ulianzia kwetu hapa. Plamedi alipofika Ulaya, waliomtangulia walimwambia: ukisema umekuja kutafuta kazi watakurudisha, sema wazazi wameuawa vitani, na ulete karatasi. Mtoto alimpigia baba yake kwa aibu. Baba hakuona aibu. Alipanda pikipiki mpaka biro moja ya serikali huko Kabambare, ambako mkuu alikuwa rafiki yake wa ujana. Alipeleka beberu, wakamchinja, wakamla na bugali, na walipokwisha kunawa mkuu akafungua buku lake. Akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba Grégoire, mwalimu, na Émérance mke wake, mkulima, waliuawa na watu wenye silaha karibu na Wamaza tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Akagonga mihuri miwili. Grégoire alisoma cheti chake mwenyewe cha kifo, akaona kosa dogo la Kifaransa, akaazima kalamu akalisahihisha. Ualimu hauishi. Walicheka mpaka machozi.

Kwa mkewe hakusema. Utamwambiaje mama wa watu kwamba umemwandikisha marehemu? Alimwambia tu kwamba karatasi za mtoto zimekaa vizuri. Na kweli zilikaa, kwa sababu Plamedi alipokelewa kama yatima wa vita, akapewa kitambulisho, akapewa ruhusa ya kazi. Kila Jumapili Émérance alishukuru kanisani, marehemu wa watu, bila kujua anashukuru nini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Grégoire aliijua methali hiyo, aliwafundisha watoto miaka thelathini na mbili. Lakini ndani ya ndege alijipa moyo kwamba Wafaransa wana makaratasi mengi, nani atakwenda kufukua karatasi ya Kabambare? Ataonyesha paspoti, jina la ukoo ni lile lile, atasaini, basi. Jumamosi na Jumapili ofisi ya mji ilikuwa imefungwa. Jumatatu nayo, katika miji midogo ya kule, haifunguliwi. Ndiyo hiyo siku ya shato ya nne.

Alilazwa nyumbani kwa bibi mmoja mjane, Estelle, ambaye mumewe alikuwa mkulima wa zabibu. Jumanne, wakinywa kahawa, Grégoire aliusukuma mkate kando. Akamweleza habari ya mtoto na ya kaburi, ya cheti akaificha. Estelle hakuuliza maswali mengi. Aliweka kikombe chini, akachukua funguo za gari, akasema kama ni kulipia mahali pa kudumu atalipia yeye, kwa kuwa mume wake pia alizikwa pale na hapendi kufikiri kwamba jirani yake anatupwa. Grégoire aliushika mkono wake akashindwa kuuachia. Wenzake wa kwaya walikuwa wameitwa kwenda kuonja divai. Salomon akaambiwa mzee ana tumbo.

Kwenye ofisi ya mji walimkuta karani mmoja, mwanamke mpole wa umri wa binti zake. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kabatini, akarudi na jalada jembamba la kijani. Maisha yote ya Plamedi katika nchi ile, na unene wake haukufika kidole. Karani akaomba paspoti. Akaisoma. Akafungua jalada. Akaisoma paspoti tena, akamtazama Grégoire usoni, na Grégoire akajua.

Karani aligeuza karatasi ili mzee aione. Ilikuwa nakala ya cheti, lakini mihuri miwili ilikuwa wazi, na lile sahihisho la kalamu lilionekana, mwandiko wake mwenyewe. Karani akasema kwa upole kwamba Bwana Grégoire, mwenye jina hili na tarehe hii ya kuzaliwa, alifariki, na mke wake pia. Kijana hakuwa na mtu. Ndiyo maana hawakumwandikia yeyote barua.

Hapo mzee alikiri yote, kwa Kifaransa chake cha ubaoni, kilichonyooka hata katika fedheha. Alisema cheti ni cha uongo, alikinunua kwa beberu, mke wake yuko hai, analima, na yeye mwenyewe yuko hapa, wamguse. Estelle alitazama dirishani. Karani hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Mimi nakuamini, Bwana," alisema. "Lakini siwezi kumsainisha mtu ambaye serikali yake imeandika kwamba amekufa."

Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba ikiwa biro ile ile iliyotoa cheti itaandika karatasi yenye muhuri kwamba ilikosea, wakaipiga picha wakamtumia kwa simu kabla ya Ijumaa saa kumi, ataipokea, na lawama ataibeba yeye. Zaidi ya hapo hana uwezo. Ni kweli alikuwa anajitoa mhanga kidogo, yule dada, tusimwonee.

Grégoire alipokuwa anainuka aliuliza kama jalada linasema mtoto alikufaje. Karani akampa karatasi ya pili, ya hospitali, akamwacha aisome mwenyewe. Ingekuwa afadhali kama asingejua kusoma. Plamedi hakufia kwenye mizabibu. Aliletwa akiwa hai, akakaa siku nne, na mara nyingi alikuwa na fahamu zake. Mara tatu wauguzi walimwuliza wampigie nani simu, hapa au nchini kwao, popote. Mara tatu waliandika jibu lile lile: mgonjwa anasema hana mtu.

Basi yakamrudia maneno aliyomwambia mtoto siku alipomtumia cheti. Alimwambia: wakikuuliza, hatuko. Wakikubembeleza, hatuko. Hata siku ya kufa, Plamedi, hatuko. Alisema vile jinsi watu wanavyosema, kukazia neno tu, kama mtu anayemwambia mtoto asivuke mto hata radi ipige. Mtoto alikuwa msikivu tangu utoto. Alitii.

Kwenye gari hakulia. Alimwomba Estelle asimame kando ya barabara, akampigia Émérance. Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia hasa, maana nafasi alikuwa nayo. Angeweza kusema: mama, nilikufanyia hivi na hivi, nisamehe, na sasa tunahitaji karatasi. Hakusema. Alimwambia kwamba kuna makosa kidogo kwenye buku ya Kabambare, aende kwa mkuu wa biro, amwombe aandike kwamba wao wote wawili wako hai, yeye mkuu ataelewa. Habari ya hospitali hakuigusa. Alitumaini mkuu atalimaliza jambo kimya kimya, mke asione ukurasa. Mwoga hupenda kuwaamini wakubwa. Émérance alisema ataondoka alfajiri.

Njia ya Kasongo kwenda Kabambare mnaijua, na mvua za mwezi wa tisa mnazijua. Siku mbili Émérance alikaa nyuma ya pikipiki na ule mgongo wake. Penye madimbwi alishuka akatembea, mara mbili alisaidia kusukuma, na siku hizo mbili mumewe alikuwa anatembezwa kwenye majumba. Jumatano waliona bustani zilizokatwa kwa mkasi kama nywele za bwana harusi. Alhamisi waliingizwa kwenye pango la divai, lililochimbwa ndani ya mlima mweupe, baridi ya kuumiza meno. Kwaya iliimba mle na sauti zikazunguka vizuri mno. Wafaransa walifuta macho. Grégoire aliimba besi yake yote, asiruke hata neno.

Baadaye mwenye pango akafungua chupa za heshima. Alisema hizi amewawekea wageni kutoka mbali, ni za mwaka bora kuliko yote aliyoiona: jua lilikuwa kali ajabu mwaka ule, zabibu zikakolea, wachumaji walifanya kazi kama simba. Akautaja mwaka. Ndio ule, wa Plamedi. Salomon akatafsiri kwa furaha, akina mama wakapiga vigelegele, bilauri zikagawiwa. Grégoire alisimama na yake mkononi, na kila mtu alimtazama mzee wa kwaya aanze. Alikunywa. Mseme mnavyotaka, alikunywa akamaliza, akasema asante, maana hakujua la kufanya na mikono yake. Yule mwenye pango akamwongezea.

Ijumaa, saa nane ikielekea tisa, simu ililia. Alikuwa mkuu wa biro mwenyewe, kwa simu ya Émérance, na sauti yake haikuwa ile ya siku ya beberu. Alieleza kwamba mwezi uliopita wakaguzi walipita, mwenzake mmoja yuko gerezani kwa vyeti vya namna hii. Akiandika kwamba alikosea, amejifunga kamba mwenyewe shingoni. Grégoire alimkumbusha urafiki, alimkumbusha marehemu wazazi wao, alimwita kaka, alimwita baba. Estelle, asiyejua Kiswahili, aliinuka akatoka nje kwa sababu ya sauti ile.

"Wewe ni ndugu yangu," mkuu alisema mwisho, "lakini buku yangu inajua kuandika wafu tu. Kufufua ni kazi ya Mungu."

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu Émérance akashika simu. Kwa kuwa alikuwa amekataa kutoka ofisini bila karatasi, mkuu alimwonyesha buku ili aelewe ugumu wenyewe, na Émérance alisoma shule mpaka darasa la sita.

"Nimeona jina langu," alisema. "Iko chini ya yako."

Grégoire alimwita kwa jina mara mbili. Simu ilikuwa imekatwa. Saa kumi ikafika, ikapita, na yule karani, Mungu ambariki, alingoja mpaka kumi na nusu ndipo akafunga mlango.

Jumamosi Estelle alimpeleka makaburini. Walikuta kibao kidogo cha mbao chenye namba na jina, majani yakiwa yamekatwa vizuri, na mstari mzima ulikuwa tayari umewekewa alama ya rangi kwa kazi ya Jumatatu. Grégoire aliita jina la mwanawe kwa sauti, jinsi inavyotakiwa, akajitambulisha: ni mimi, baba yako. Alilisema hilo mara nyingi. Alimwambia kwamba wao wazazi wako hai. Ni mambo gani hayo ya kumwambia maiti? Lakini hakuwa na jingine. Jumapili waliimba misa, wakapewa zawadi, wakapanda ndege. Jumatatu, wakati kazi inafanyika, alikuwa amekaa Kinshasa kwenye benchi akingoja ndege ya Kindu, Salomon akimwuliza kwa nini hana furaha na safari nzuri hivi.

Alifika Kasongo Alhamisi, juu ya pikipiki, na ua ulikuwa umejaa. Ndugu walitaka kusikia. Aliwaambia amesimama kwenye kaburi, ameita jina, ila kusaini hakufaulu, makaratasi. Wazee wakaguna. Mmoja alisema angalau mtu wa damu amefika, matanga sasa yanaweza kuondolewa, wapange siku. Watoto waliuliza habari za shato akaeleza mbili tatu. Émérance alimpa maji ya kunawa, akampa chakula, akawaaga wageni mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Hakumtukana. Alikuja akakaa mbele yake kwenye kiti kifupi, mikono juu ya magoti.

"Tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu," alisema. "Ile siku nilikuwa napalilia karanga."

Grégoire akaanza kueleza, habari ya ukimbizi, ya waliomtangulia mtoto, kwamba ilikuwa kwa wema. Émérance alimwachia aseme yote. Alipokwisha, alisema hilo la buku amelilia njiani, siku mbili zinatosha, mwanaume ni mwanaume. Kuna neno moja tu alilotaka kulijua, kwa kuwa Yves alikuwa mbali na yeye Grégoire sasa ametoka huko.

"Mutoto aliteseka? Ama alianguka, ikakwisha pale pale?"

Uongo ulikuwa tayari, umepikwa na mtu mwingine, yeye alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Kasongo nzima iliuamini. Karatasi ya hospitali ilibaki ng'ambo ya bahari katika jalada la kijani, na hakuna mtu wa Maniema atakayeifungua hata milele. Aliangalia uso wa mkewe. Alikuwa mwanamke aliyekwisha zeeka, mwenye vumbi la Kabambare bado kwenye mikunjo ya shingo, na alikuwa anamwamini tena, pumbavu, bado anamwamini. Grégoire alihisi kwamba akimdanganya sasa hivi, atakuwa anamzika mara ya pili.

"Alikaa hospitali siku ine," alisema.

"Siku ine." Émérance alihesabu kwa vidole kama mtoto. "Alikuwa anasema? Alikuwa na akili yake?"

"Alikuwa nayo. Walimuuliza waite nani."

Kuku walipita kati yao.

"Siku ine yote," Émérance alisema, "na hakuniita?"

"Nilimukataza," alisema Grégoire.